Draiva Moja, Mashine Ngapi?

Wazungumzaji wa mjadala huu nimewatunga. Hoja zao sikuzitunga. Ami ni mstaafu wa idara ya kompyuta katika sekta ya mafuta, mmoja wa waliozaliwa Unguja wakahamia Oman miaka ya 1970, Sultan Qaboos alipowafungulia mlango Waomani wa Afrika Mashariki. Mhandisi ni binti wa kaka yake. Amesoma Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, na kazi yake ni kuandika msimbo wa vipimo vinavyopelekwa jangwani, kwenye visima. Muuzaji ni mtu wa Mombasa, ana duka la kompyuta Ruwi. Wamekaa Maskati, upande wa Al Khoud, baada ya Isha, kahawa ipo na halua ipo, na wanabishania draiva, yaani ile programu inayouwezesha mfumo endeshi kuzungumza na kifaa, kiwe printa, kadi ya mtandao au kipimo cha shinikizo la bomba. Iandikwe kwa ajili ya mashine iliyo mezani? Au iandikwe hivi kwamba ukiipeleka kwenye mashine yenye kichakataji cha ukoo mwingine ifanye kazi bila kuguswa?

Ami: Iandikwe kwa mashine iliyo mezani. Draiva si programu ya mishahara. Programu ya mishahara inakaa juu, haijui hata diski iko wapi. Draiva iko chini kabisa, inagusa rejista za chipu, inahesabu mikrosekunde. Ukinitaka niiandike kana kwamba sijui niko juu ya mashine gani, unanitaka nijifanye sijui ninachokijua. Na aliyefanikiwa kuliko wote hakujifanya. Linus Torvalds alipoutangaza mfumo wake wa Linux mwaka 1991 alisema wazi kwamba hauhamishiki, umefungwa kwenye 80386 ya Intel. Januari 1992 Profesa Andrew Tanenbaum akamshambulia, na hilo lilikuwa moja ya makosa aliyomhesabia. Haya, niambieni, leo ni mfumo wa nani umo ndani ya simu za watu?

Mhandisi: Hadithi umeikata katikati, Ami. Hizo simu hazitumii Intel, zinatumia ARM. Linux imefikaje huko kama ilibaki imefungwa? Mwaka 1994 Jon Hall wa kampuni ya Digital alikutana na Torvalds, akamtafutia mashine ya Alpha, kichakataji cha biti 64. Torvalds angeweza kuinakili Linux nzima akawa na mbili, ya Intel na ya Alpha. Hakufanya hivyo. Aligawa: yanayokihusu kichakataji yakae mahali pake, na yaliyobaki yote, draiva zikiwamo, yawe ya wote. Toleo la 1.2 lilipotoka Machi 1995 lilikuwa na Alpha, SPARC na MIPS. Na kama ni Tanenbaum, mfumo wake mwenyewe, Minix, umo ndani ya chipu za Intel zenyewe. Watu walikuja kugundua 2017. Lakini hilo tuliache.

Ami: Alianza na moja, akahamia ya pili alipoipata. Hujanipinga bado. Na mimi ningepewa Alpha ningehama.

Mhandisi: Ungehama kwa mateso. Ungekuta msimbo wako umejaa mambo ya Intel uliyoyaandika bila kujua kwamba ni ya Intel. Ugomvi wangu na wewe uko hapo tu. Chukua mpangilio wa baiti.

Nawakatiza kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo jepesi kuliko yote kueleweka Maskati, na ndilo lililowatesa watu miaka mingi. Sokoni Mutrah, Mwarabu akitaja bei husema khamsa wa ishrin, ile tano inatangulia. Mswahili aliyesimama pembeni yake husema ishirini na tano. Riali ni zile zile, ila anayeandika kwa kusikia, tarakimu moja moja, lazima ajue anamsikiliza nani. Vichakataji navyo viko hivyo. Namba 258 hukaa katika baiti mbili, moja ina 1 na nyingine ina 2. SPARC na Motorola 68000 huanza na baiti kubwa, vichakataji vya Intel huanza na ndogo. Ukiisoma kinyume, 258 inageuka 513. Ikiwa namba hiyo ilikuwa urefu wa pakiti ya mtandao, draiva inasoma baiti 255 zisizo zake, za jirani, na ndani ya kerneli, kiini cha mfumo endeshi, jirani anaweza kuwa mtu yeyote. Mwaka 1980 Danny Cohen aliandika makala ya kuwasihi wahandisi waache kupigania jambo hili, akaazima majina ya pande mbili kutoka katika hadithi ya Gulliver, kwenye ile vita ya yai livunjwe upande gani. Majina yakabaki. Amani haikupatikana.

Ami: Hilo usinifundishe, mwanangu, mimi nimelitolea jasho. Data za mitetemo ya ardhi, zile zinazotafutiwa mafuta, ziliandikwa kwenye kanda kwa muundo wa SEG-Y tangu 1975, baiti kubwa kwanza, na desimali zake za mtindo wa IBM. Sisi tulikuwa na VAX, baiti ndogo kwanza. Tukaandika programu moja ya kugeuza, tukaendelea na kazi. Hatukuhitaji falsafa.

Mhandisi: Mliweza kwa kuwa kiwango kilisema kwa maandishi kanda imepangwaje. Mlijua kuna ugeni, mkaweka mkalimani mlangoni. Nami siombi zaidi ya hilo. Draiva iseme: namba hii inatoka kwenye kifaa, kifaa kinaanza na baiti ndogo, igeuzwe iwe ya mashine hii, mashine yoyote iwayo. Kwenye Intel kompaila inaona hakuna cha kugeuza, inaifuta hiyo hatua, gharama yake ni sifuri. Aliyeacha kuandika hatua hiyo hakuokoa kitu. Amebahatika tu kwamba kifaa na mashine vilikubaliana.

Muuzaji: Bahati ya miaka thelathini, dada, si haba.

Mhandisi: Si haba kabisa, ndiyo maana watu wanaiita ujuzi.

Alikuwa na mengine ya namna hiyo, akayapitia mbio. Aina ya namba iitwayo long ni baiti nne kwenye Linux ya biti 32 na nane kwenye ya biti 64, na kwenye Windows ya biti 64 ni nne bado. Ukurasa wa kumbukumbu ni kilobaiti 4 kwenye Intel, kilobaiti 8 kwenye Alpha, na kwenye ARM ya biti 64 unaweza kuwa 4, 16 au 64. Intel inakuvumilia ukisoma namba ya baiti nne kutoka anwani isiyogawanyika kwa nne. SPARC inakusimamisha hapo hapo. Haya hakuyaona mabaya sana, kwa kuwa yakivunjika yanavunjika kwa kelele, siku ya kwanza, na aliyeyavunja yupo. Yale yanayovunjika kimyakimya ndiyo aliyoyawekea kikombe chini ili aeleze kwa mikono miwili.

Mhandisi: Kadi ya mtandao inafanya kazi hivi, Ami. Draiva inaandika kwenye kumbukumbu pakiti iko wapi na ina urefu gani. Kisha inaandika kwenye rejista ya kadi: kazi ipo, chukua. Maandishi mawili, la kwanza na la pili. Kwenye Intel kadi itayaona kwa mpangilio huo huo. ARM haikupi ahadi hiyo, POWER haikupi, na Alpha ndiyo ilikuwa legevu kuliko zote. Kichakataji kinaruhusiwa kuyapanga upya kwa ajili ya kasi. Kwa hiyo kadi inaweza kuambiwa ichukue kabla maelezo hayajafika, ikachukua ya zamani. Na haitokei kila mara. Inatokea usiku wa mzigo mkubwa, mara moja, kisha wiki nzima haionekani. Ukija kuipima haipo.

Ami: Na dawa yake ni kuweka kizuizi kati ya maandishi mawili. Tunajua.

Mhandisi: Mnajua mkiwa mmewahi kuumwa. Aliyekaa na Intel tu hajawahi. Sasa la pili, na hili ni la kazi yangu hasa. Kifaa kinaandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia kichakataji. Kichakataji nacho kina kache, nakala yake ya karibu. Kwenye kompyuta ya Intel, maunzi yenyewe yanahakikisha nakala haipitwi na wakati. Kwenye chipu nyingi ndogo za ARM hakuna anayehakikisha isipokuwa draiva. Ukiisahau hatua hiyo, kipimo cha shinikizo kitaandika thamani mpya kwenye kumbukumbu, na programu itasoma ya zamani kutoka kwenye kache. Skrini haitaandika kosa. Itaandika namba nzuri kabisa, ya bomba lilivyokuwa dakika iliyopita.

Ami alinyamaza kidogo. Mtu wa mafuta haambiwi mara mbili maana ya shinikizo la dakika iliyopita.

Mhandisi: Dawa ya haya yote imekuwapo tangu miaka ya 1990. Wale wa NetBSD, mfumo ulioanza 1993, waliweka kanuni kwamba draiva haigusi kifaa kwa anwani mbichi. Inaomba kerneli: nisomee rejista hii, niandikie ile, nitayarishie kumbukumbu ya kifaa. Jason Thorpe aliandika sehemu ya kumbukumbu ya kifaa na kuieleza hadharani 1998. Wakaitenga pia chipu na jinsi ilivyochomekwa. Chipu ile ile ya mtandao inaweza kuja kwenye kadi ya ISA ya zamani au ya PCI, moyo wa draiva ni mmoja, kinachobadilika ni kipande kifupi cha mbele. Linux ina ya kwake ya namna hiyo. Kwenye Intel, ombi la kusoma rejista linageuka amri moja ya kichakataji. Kwa hiyo ukiniuliza gharama iko wapi, si kwenye mashine. Iko kichwani mwa anayeandika.

Ami: Kichwani ndiko kunakolipiwa mshahara.

Hapo sikutaka Ami azidiwe, kwa sababu upande wake una hoja ambayo vijana huiruka, na kwa maoni yangu ndiyo hoja kubwa.

Ami: Sikiliza sasa. Unapoahidi kwamba draiva yako itakwenda kwenye kila mashine, umeahidi kuzitunza zote. Nani anazo? Mwaka 2018 Linux iliondoa sanifu nane za vichakataji kwa mkupuo mmoja, Blackfin, Tile na wenzao, kwa kuwa waliokuwa wakizitumia hawakuonekana tena. Itanium, iliyokuja kwa vifijo vya Intel na HP, iliondolewa mwaka 2024. Hata 80386 yenyewe, mashine iliyoizaa Linux, ilifutwa 2013. Kila moja ya hizo ilikuwa na watu waliokesha kuhakikisha draiva zinakubali. Na walipotaka kwenda mbali zaidi, kampuni za Unix zilikaa zikatunga UDI, draiva moja kwa kila mfumo endeshi na kila kichakataji. Toleo la kwanza lilitoka 1999. Umewahi kuiona popote?

Mhandisi: Sijaiona.

Ami: Basi.

Mhandisi: UDI ilitaka mifumo endeshi yote ikubaliane. Hilo ni suala la siasa. Mimi nazungumzia mfumo mmoja juu ya mashine nyingi. Na hao wanane waliofutwa mwaka 2018, angalia walivyofutwa: kwa kusafisha, bila draiva za wengine kuvunjika, kwa sababu mambo yao yalikuwa mahali pao. Kuhamishika ni pamoja na kuweza kuondoka. Halafu tazama Windows NT. Timu ya Dave Cutler ilianza kuiandika juu ya i860, kisha juu ya MIPS, kwa makusudi, ili mazoea ya 386 yasijipenyeze. Ikatoka 1993. Ikapanda Alpha, ikapanda PowerPC, na kufika Windows 2000 imebaki Intel peke yake. Ungesema ni hasara tupu. Lakini Windows ya vichakataji vya AMD vya biti 64 ilipokuja 2005, na ya ARM 2012, msingi ulikuwa tayari umeshatembezwa.

Ami: Msingi, ndiyo. Draiva je?

Swali hilo alilitupa kwa ubishi tu, lakini lilimwamsha Muuzaji.

Muuzaji: Aa, hapo sasa! Nyote mnazungumza habari za wanaoandika. Mimi na wateja wangu hatuandiki, tunanunua. Tangu 2024 naletewa kompyuta pakato za Windows zenye kichakataji cha Snapdragon, hiyo ARM yenu. Betri inakaa, mteja anafurahi. Kesho yake anarudi na skana yake ya zamani, haisomi. Programu zake za zamani zote zinafunguka, skana ndiyo haisomi. Ananiambia nimemuuzia kompyuta mbovu. Nimjibu nini?

Mhandisi: Programu za kawaida zilizotengenezwa kwa Intel, Windows inazitafsiri zikiwa zinakwenda. Apple nao walifanya hivyo 2020 walipohamia chipu zao, kwa mtafsiri wao anayeitwa Rosetta. Lakini tafsiri hiyo haiingii ndani ya kerneli, kwa Windows wala kwa Apple. Draiva ya kerneli lazima itengenezwe upya kwa ARM, na wa kuitengeneza ni mwenye msimbo wake. Mtengenezaji wa skana ile akiona ni modeli ya zamani, haigusi.

Muuzaji: Mimi hufanya ujanja. Naichomeka kwenye Raspberry Pi yenye Linux, naiweka kwenye mtandao wa ofisi, inasoma. Si zote, lakini nyingi. Na Raspberry Pi si ARM vile vile?

Mhandisi: ARM vile vile. Tofauti ni kwamba draiva za mradi wa SANE ni programu huria. Msimbo uko wazi, yeyote anautengeneza kwa kichakataji anachokitaka. Na ukitengenezwa unakubali, kwa kuwa waliouandika hawakudhania kwamba dunia yote ni Intel. Msimbo wazi ulioandikwa kizembe nao ungekufa pale pale.

Upande wangu niuseme hapa. Mhandisi anatetea draiva inayohamishika kwa sababu inamwonyesha makosa yake; ni sababu ya fundi, na nzuri. Yangu ni ya mnunuzi. Oman, kama Kenya na Tanzania, vifaa vingi inavyotumia imevileta kutoka nje, na aliyeviuza ndiye anayeamua vitazungumza na kichakataji gani. Kipimo cha kisimani huweza kukaa miaka ishirini. Kichakataji mara nyingi hakikai nusu yake sokoni. Draiva iliyofungwa kwenye usanifu mmoja, na msimbo wake uko kwenye kabati la kampuni, ina maana kwamba siku ya kifaa kufa imepangwa na mtu mwingine, katika mji mwingine, bila kumuuliza mwenye kisima. Tukilitazama hivyo, suala linatoka mikononi mwa wataalamu wa kerneli peke yao. Linaingia kwenye idara ya ununuzi.

Na mfano mwema tunao mifukoni. Kitambulisho cha Oman ni kadi ya chipu tangu 2004. Visomeo vyake vya USB vinavyouzwa madukani vingi vinafuata kiwango kimoja, CCID, kwa hiyo mfumo endeshi unahitaji draiva moja tu kwa visomeo vyote vya namna hiyo, na draiva hiyo inakuja na mfumo wenyewe, uwe wa Intel au wa ARM. Mwenye kisomeo hajui kama kuna jambo linaitwa draiva. Printa nazo zinaelekea huko. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kupokea draiva za printa za watengenezaji mbalimbali, kwa kuwa printa za siku hizi zinafuata itifaki ya pamoja.

Ami: Umesahau jambo moja, mwandishi. Kichakataji kimoja nacho si mashine moja. ARM hiyo mnayoisifu, kila bodi ina mpango wake. Kipima muda huku kiko anwani hii, kule kiko ile.

Mhandisi: Kweli. Mwaka 2011 Torvalds aliwaka kwa ajili ya hilo hilo, kila kampuni ya ARM ilikuwa ikileta msimbo wa bodi yake. Wakahamia kwenye maelezo: faili linaloorodhesha kilichomo kwenye bodi na mahali kilipo, kerneli inalisoma, draiva inabaki ile ile. Na wazo lenyewe lilitoka kwenye mashine za Sun na PowerPC, za zama zenu.

Ami: Za zama zetu! Umesikia, yakhe?

Muuzaji: Nimesikia, Ami. Lakini Jumapili nafungua duka, na kuna mteja anataka skana za ofisi nzima. Niandike nini kwenye oda?

Mhandisi: Andika kwamba skana ifuate itifaki ya pamoja, isihitaji draiva ya mtengenezaji. Ikihitaji, basi msimbo wa draiva uwe wazi, au draiva ya ARM iwepo leo, si ahadi.

Muuzaji: Watasema bei inapanda.

Ami: Waache waseme. Na la tatu uliongeze, hili ni langu. Walete moja kwanza. Uichomeke kwenye hiyo kompyuta ya ARM, dukani kwako, kwa mkono wako, kabla hujatoa hata baisa moja.

Mhandisi: Ami, kujaribu kwenye mashine ya pili kabla ya kukubali, si ndiyo niliyokuwa nikiisema tangu kahawa ya kwanza?

Ami: Hiyo ni kununua, mwanangu. Kwenye kuandika bado sijakubali. Hiyo vuta nikuvute ya kache nieleze tena, polepole, ukianzia pale kifaa kinapoandika.